Paka wa Rangi ya Gome

Usiku wa jana niliota nimeteuliwa kuwa mwamuzi wa maonyesho ya paka wa nasaba, na barua ya uteuzi nikaletewa na paka wetu mwenyewe, Malaika, akiwa ameibana kwapani.

Sikushangaa. Nilichojiuliza ni kama barua imepata unyevu.

Niseme kwanza mimi ni nani. Jina langu ni Thoya Kahindi, na kazi yangu ni ukaguzi wa vipimo. Nazunguka masokoni nikijaribu mizani za watu kwa mawe yangu ya chuma, na ile inayodanganya naifungia. Naishi Nairobi, ghorofa ya tatu, na mke wangu Wanja na binti yetu Kache. Mwezi wa tano Kache alipotimiza miaka kumi na miwili tulimletea paka wa Kiajemi, mweupe, mwenye cheti. Cheti hicho kinataja wazee wake wa vizazi vinne. Mimi wa kwangu nawajua wa vizazi viwili tu.

Jana jioni Kache alirudi na kitabu cha maktaba, kikubwa, kina picha za paka wa dunia nzima: sura zao, tabia zao, nani mpole na nani mkorofi. Nilikifungua nikingoja chakula kiive. Nikasoma kurasa nyingi kwa raha. Kisha nikafika ukurasa mmoja, nikakifunga, nikamwambia Wanja sina njaa, nikaenda kulala.

Ndipo Malaika akaja na barua.

"Imeandikwa uje na mizani yako," akasema. Sauti yake hutokea puani, na pua yenyewe ni bapa, imezama katikati ya mashavu.

Nikaona ni wakati mzuri wa kumuuliza jambo ambalo nilikuwa nalo moyoni tangu mwezi wa tano. "Malaika, kwa nini uso wako umebonyea?"

"Bibi yangu alisimama amebana pua mlangoni akingoja afunguliwe. Mama yake pia. Sisi tulizaliwa tayari tumeshasimama."

"Lakini kitabu kinasema nyinyi ni watulivu. Hamna haraka na kitu."

"Ukichanwa manyoya kila siku ya Mungu na wewe utatulia," akasema, akanifungulia mlango wa bafu.

Ndani ya bafu hamna bafu. Ni ukumbi wa shule yangu ya msingi, kule Gede, karibu na msitu wa Sokoke. Bati ni lile lile lenye kutu. Madawati yamepangwa safu mbili, na juu ya kila dawati pana kizimba, na kila kizimba kina paka na kibao. Kila kibao kimeandikwa maneno ya kitabuni. Malaika ananieleza sheria: paka akienda kinyume na kibao chake, anafutwa. Simaanishi anafutwa mashindanoni. Anafutwa kwa kifutio cha ubao.

Naanza kazi.

Wa kwanza ni paka wa Maine, mwenye manyoya marefu na mkia kama fagio la makuti. Kibao kinasema: jitu lenye roho laini. Ni mkubwa kama ndama. Anapanda mizani yangu taratibu na kuiomba radhi kabla ya kukaa. Anapofungua mdomo, sauti inayotoka ni ya kifaranga.

"Nimekuumiza?" anaiuliza mizani.

Mshale unazunguka na kusimama kwenye neno *Hapana*. Katika miaka kumi na tisa ya kazi sijawahi kuona mizani ikisoma neno, lakini naandika kwenye daftari kama nilivyoona, maana hiyo ndiyo kanuni.

Wa pili hana manyoya kabisa. Anaitwa Sfinksi, ngozi yake imekunjamana kama ya mtoto aliyezaliwa leo, na kibao kinasema mwili wake una joto kuliko wa paka wengine na hapendi kuachwa peke yake. Mpishi wa shule, mama mmoja simjui, anachoma chapati mgongoni mwake.

"Humuumizi?" namuuliza.

"Nikiziondoa anashikwa na baridi," anajibu mpishi, na kugeuza chapati.

Sfinksi ananitazama kwa macho yake makubwa. "Unaondoka?" ananiuliza.

"Ndiyo kwanza nimefika."

"Sawa. Lakini baadaye utaondoka?"

Nikampita haraka, na hata nilipofika dawati la tatu nilikuwa bado nayasikia macho yake mgongoni.

Wa tatu ni yule wanayemwita Ragdoli, yaani mwanasesere wa matambara, kwa kuwa ukimbeba hulegea mwili mzima. Macho yake ni ya buluu. Nikamwinua ili nimpime, akalegea. Akaendelea kulegea. Akaanza kunimiminikia katikati ya vidole kama unga wa maandazi uliozidi maji, nikalazimika kumkinga kwa ndoo.

"Samahani," nikasema. "Nimekuangusha."

"Si neno," akasema kutoka ndani ya ndoo.

"Huna kinyongo?"

"Sikupewa."

Nikachutama pale karibu na ndoo. Nilitaka kuongea naye zaidi. Nilikuwa na hamu kubwa ya kuongea na mtu ambaye nimemwangusha na hana kinyongo. Lakini Malaika akakohoa, akasema foleni ni ndefu.

Wa nne alikuwa paka wa Uskoti, yule mwenye masikio yaliyokunjika kwa mbele kama bahasha. Kibao: mpole, msikivu, hasemi sana. Amekaa kitako kama binadamu, mikono juu ya tumbo.

"Usiyakunjue," akaniambia.

"Kwa nini?"

"Nikisikia kitu nakikunja humo. Ndivyo tulivyo."

Mimi ni mkaguzi. Mtu akiniambia usifungue, mkono wangu huwa umeshafika. Nikalikunjua sikio lake la kushoto, na ndani yake nikasikia sauti yangu mwenyewe, safi kabisa, ikisema: "Anaendelea vizuri, Baba. Amenenepa."

Nikalikunja tena. Nikalibana kwa kidole lisifunguke.

"Nilikuambia," akasema yule paka, bila hasira.

Hapa inabidi nieleze jambo ambalo ndotoni halikuhitaji kuelezwa, kwa sababu kila mtu ukumbini alikuwa analijua.

Baba yangu, Mzee Kahindi, aliishi peke yake kule Gede tangu Mama afariki. Alikuwa na paka mmoja tu. Paka yule hakununuliwa wala hakupewa na mtu, alitoka msituni mwenyewe. Alikuwa mwembamba, miguu ya nyuma mirefu kuliko ya mbele, akitembea utadhani ananyata sakafu iliyotoka kupigwa deki, na manyoya yake yalikuwa na mabaka ya kahawia kama gome la mti. Akikaa chini ya mti humwoni. Wazee wa kwetu paka wa aina ile humwita kadzonzo. Mimi nilimwona paka shume tu, kama mapaka yote ya kijijini. Mbele yangu Baba alimwita Paka, basi.

Mwaka juzi, mwezi wa pili, Baba aliugua figo, tukakata shauri aje kwetu Nairobi atibiwe. Wanja akatangulia naye kwa treni. Mimi nikabaki nifunge nyumba na kuleta mizigo kwa gari. Kabla hajaondoka Baba aliniomba tumchukue na paka. Nikamwambia ghorofa yetu hairuhusu wanyama. Haikuwa kweli, ila nilikuwa nimechoka. Akafikiri, akasema, "Basi mpeleke kwa Mbodze." Mbodze ni dada yangu mkubwa, anaishi upande wa Kaloleni, kilomita nne tu nje ya barabara ninayopita. Nikasema sawa, Baba.

Nilimtia paka kwenye boksi la sabuni. Akalia kutoka Gede hadi njia ya kwenda kwa Dada, bila kupumzika. Nilikuwa nimechelewa. Palikuwa na soko pale njiani, nikasimama nyuma yake, nikaliweka boksi chini, nikalifungua kifuniko, nikaondoka. Nilijiambia sokoni hakukosi panya.

Baba aliishi kwetu miezi mitano. Kila jioni baada ya chai aliniuliza, "Paka anaendeleaje huko kwa dada yako?" Kila jioni nilimjibu. Nilimpigia Dada Mbodze nikamwomba naye aseme hivyo hivyo akiulizwa. Alikubali, lakini tangu siku ile hunisalimia kwa maneno mawili na kukata simu. Mwezi wa saba Baba akafariki, akiamini hivyo. Au ndivyo nilivyojiambia.

Jana kwenye kitabu cha Kache, ukurasa ule nilioufunga, palikuwa na picha ya paka wa rangi ya gome, na chini yake jina la msitu wa kwetu.

Basi. Nimelibana sikio la paka wa Uskoti, na nikiinua macho ukumbi umekuwa wodi. Madawati ni vitanda. Harufu ni ya dawa ya kusafishia sakafu. Paka wa Siam anapita katikati akiwa na faili, mwembamba, mwili wa rangi ya maziwa, uso na masikio na soksi zake vyeusi, na haachi kuongea. Kibao chake hakimtoshi, kimeendelezwa kwa karatasi za kubandika.

"Kitanda cha pili amekojoa, cha tatu ana wageni, cha nne amekataa uji, wewe ndiye mwamuzi, umechelewa, viatu vyako havijafutwa, mke wako anajua, mtoto hajui, mwenye paka nambari kumi na saba yuko pale mwisho amekungoja muda mrefu," anasema yote kwa pumzi moja, tena kwa sauti kubwa, wodi nzima inasikia.

"Unaweza kupunguza sauti?" namwomba.

"Nikipunguza nafutwa," anajibu.

Mwisho wa wodi, juu ya kiti cha plastiki, amekaa Baba.

Amevaa shati lake la kijivu la kwendea mikutano, limepigwa pasi. Kifuani amebandikwa karatasi yenye nambari 17, kama wenye paka wengine wote. Mapajani ana kikapu cha ukili, kitupu, na mkono ameuweka ndani yake kana kwamba kuna kitu anakituliza.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, Thoya. Habari za safari?"

"Njema."

"Njia ilikuwa na magari mengi?"

"Ya wastani."

Paka wa Siam anafungua faili na kuanza kuita majina, na kila anayeitwa anajibu. "Mwajemi." Malaika anasema yupo. "Wa Maine." Kifaranga kinalia. "Sfinksi." Yupo, anauliza kama na wengine wapo. "Ragdoli." Ndoo inaitika. Halafu:

"Hajaja."

Anainua macho kutoka kwenye faili.

"Hajaja," anaita tena, akimtazama Baba.

"Sasa kama hajaja mpite," nikasema. "Andika hayupo, tuendelee."

"Mimi sijasema kama amefika au hakufika," akasema paka wa Siam. "Naita jina."

Nikamgeukia Baba. Alikuwa anakitazama kikapu.

"Ndilo jina lake," akasema. "Ule mwaka uliposema utakuja Krismasi. Nilichinja kuku wawili. Mbodze akapika wali wa nazi. Tukangoja mpaka jua likawa pale juu ya mikorosho. Akaja yeye, kutoka msituni, akapita mlangoni kama mtu aliyealikwa. Nikampa nyama yako. Majirani wakaja kusalimia, wakauliza, mwanao amekuja? Nikawajibu, hajaja. Paka akageuza kichwa. Nikasema tena, akageuza tena. Nikaona jina limemkaa."

"Mbona mimi sikuwahi kulisikia?"

"Nimwite vile na wewe umekaa pale? Mtu hamtii mgeni aibu."

Nilitaka kusema mimi si mgeni. Nikahesabu kimoyomoyo mara nilizofika Gede tangu tulipomzika Mama, nikaacha kusema.

Baba akaniambia, "Wewe ndiye mwamuzi. Hebu nisomee kibao chake."

Kibao kipo mkononi mwangu, sijui kimefikaje. Nasoma: "Paka wa Sokoke. Manyoya kama gome la mti. Mwembamba, miguu ya nyuma mirefu, hutembea kwa ncha za vidole. Mchangamfu. Hushikamana na mtu mmoja. Hapendi kuhamishwa wala kubadilishiwa mwenyewe; akitenganishwa naye hunyong'onyea."

"Hayo ninayajua," akasema Baba. "Wameandika vizuri. Ulimjutia lini?"

"Jana."

"Jana ulipomwona kitabuni."

"Ndiyo, Baba."

"Angekuwa hayumo kitabuni?"

Paka wa Siam, ambaye hanyamazi, alinyamaza. Nikaogopa atafutwa kwa ajili yangu. Wodi nzima imegeuka kunitazama, na hata yule wa Uskoti ameshika masikio yake kwa mikono miwili yasifunguke, yasije yakasikia. Nikaona hakuna wa kunisaidia.

"Baba," nikasema, "sikumpeleka kwa Dada. Nilimwacha nyuma ya soko, ndani ya boksi la sabuni. Alikuwa analia na mimi nilikuwa nimechelewa. Zilibaki kilomita nne."

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza. Uliponiambia amenenepa." Akatikisa kichwa kidogo, kama mtu anayemsahihisha mtoto hesabu. "Paka yule hanenepi, Thoya. Hata umlishe nini. Ni umbo lake."

Nilikaa chini, sakafuni, karibu na miguu yake. Alikuwa amevaa zile ndara tulizomnunulia hospitalini.

"Na kama ulijua, mbona uliendelea kuniuliza? Miezi mitano, Baba. Kila jioni."

"Nilikuwa nakungoja," akasema.

Akanipa kikapu, akainuka, akabandua ile nambari shatini na kuikunja mara mbili na kuitia mfukoni, kwa kuwa hakuwa mtu wa kutupa karatasi. Nilidhani ataniwekea mkono begani. Aliuweka mkono mgongoni mwa kiti, akakirudisha vizuri ukutani, akaenda.

Nikamfuata, nikajikuta nyuma ya soko.

Ni mchana. Jua kali. Boksi la sabuni lipo pale pale, limeloa mvua na kukauka, limeloa na kukauka, mpaka maandishi yamefutika. Ndani hamna kitu. Nachuchumaa na kikapu cha Baba na kuita, "Hajaja."

Nyuma yangu paka wa nasaba wote wametoka kunisaidia. Yule jitu wa Maine anaita kwa sauti ya kifaranga. Sfinksi anaita huku chapati zikimdondoka. Malaika anaita kupitia puani. Watu wa sokoni wanaacha shughuli zao, wanatuuliza, "Nani hajaja?" Nami nawaambia, "Huyo huyo," na wanaitikia kwa kichwa kana kwamba nimewajibu.

Mama mmoja muuza nyanya akanyoosha kidole barabarani. "Alikaa pale," akasema. "Juu ya lile jiwe. Siku tatu. Tulimtupia dagaa, hakula. Kila gari likitoka upande ule gari lako lilikoelekea, anasimama. Likipita, anakaa. Siku ya nne hatukumwona."

"Alielekea wapi?"

"Hatukumwona," akarudia.

Nikaenda nikakaa juu ya jiwe. Lilikuwa dogo kwa mtu wa umbo langu. Magari yakawa yanapita, na kila likipita najikuta nimesimama.

Ndivyo nilivyoamka: nimesimama, katikati ya chumba, saa kumi na mbili asubuhi, na Wanja ameketi kitandani ananitazama.

"Baba Kache, unamngoja nani?" akaniuliza.

Nikamwambia hakuna. Nikaenda jikoni, nikachukua simu, nikampigia dada yangu. Iliita sana. Nilijua ameshaamka, huwa anakwenda kuteka maji mapema.

"Eeh," akaitika.

"Shikamoo, Dada Mbodze. Samahani kwa saa hii. Yule paka wa Baba, mlikuwa mnamwita nani?"

"Paka. Kwani wewe ulimsikia akiitwa nani?"

"Hajaja."

Nikasikia ndoo ikiwekwa chini. Nikasikia kuku wake.

"Nani amekuambia?" akasema. Sauti yake ilikuwa imeshuka, nusu ya ile ya kwanza. "Thoya, nani amekuambia? Tulikuwa watu wawili tu tunaolijua. Baba aliniapisha usije ukalisikia."

Nilitaka kumweleza kuhusu ukumbi, na kiti cha plastiki, na shati la kijivu. Nilichoweza kusema ni kwamba Jumamosi nitakuja, nimweleze ana kwa ana, na nipite lile soko niulizie.

Dada Mbodze akaichukua ndoo yake. Nilisikia mshikio ukigonga bati.

"Wewe njoo kwanza," akasema. "Ukifika, ndipo tutaongea."